Diski pepe inagoma baada ya mashine kuhama: nini cha kuhifadhi kwenye foleni, na nini cha kuacha

"Ninaandika programu ya diski pepe kwa Rust, inaongea na QEMU (programu inayoendesha mashine pepe) kwa itifaki ya vhost-user. Nikihamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine ikiwa haina kazi nyingi, inahama vizuri. Nikiwasha jaribio zito la kusoma na kuandika, mara nyingine logi ya mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) inaandika 'id 33 is not a head!' na diski inagoma kabisa. Mara nyingine hakuna kosa lolote, ila hifadhidata inakwama tu mpaka niwashe mashine upya. Ninachofanya: kabla ya kuhama nanakili pete zote za foleni kwenye faili, upande wa pili nazirudisha, halafu naanza kusoma kutoka pale used.idx, kihesabu cha majibu, ilipoishia, maana nilisoma kwamba ni heri kurudia ombi kuliko kulipoteza. Nakosea wapi? Na je, ni lazima nisubiri maombi yote yaishe? Hifadhi yangu iko mtandaoni na kuna saa inachelewa mno."

Ndugu yangu, umefanya vizuri kueleza hatua zako moja baada ya nyingine, maana humo humo ndimo makosa yanapoonekana. Dalili ulizotaja ni mbili, diski inayogoma kwa kelele na hifadhidata inayokwama kimya, na usizichukue kuwa ugonjwa mmoja. Ya kwanza inatokana na mahali unapoanzia kusoma foleni. Ya pili karibu kila mara ni kurasa za kumbukumbu ambazo programu yako imeziandika bila kuiarifu QEMU. Nianze na hilo la kunakili pete, kwa kuwa linaonyesha picha uliyo nayo kichwani kuhusu foleni, na picha hiyo ndiyo inayohitaji kunyooshwa kwanza.

Lile faili la pete lifute. Pete za virtio, kiwango cha vifaa pepe ambacho diski yako inakifuata, hazikai ndani ya programu yako. Ziko kwenye kumbukumbu ya mgeni. Kuna jedwali la deskripta (kila moja huonyesha kipande cha data ya ombi kiko wapi), kuna pete ya maombi inayoandikwa na draiva ya mgeni, na kuna pete ya majibu unayoandika wewe. Foleni yenye nafasi 256 ina jedwali la baiti 4096 tu, kwa sababu kila deskripta ni baiti 16: nane za anwani, nne za urefu, mbili za alama, na mbili za kuonyesha deskripta inayofuata. QEMU huvihamisha vyote hivyo pamoja na kumbukumbu nyingine ya mgeni, ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa uliobadilika baada ya kutumwa hutumwa tena. Ukija na nakala yako na kuibandika juu, unarudisha nyuma kitu ambacho QEMU imekwisha kukileta kikiwa kipya. Isitoshe, pete ya maombi ni mali ya draiva. Kifaa hakina ruhusa ya kuiandika, hata kwa nia njema.

Kazi yako ni kubeba kile ambacho hakijaandikwa popote kwenye kumbukumbu ya mgeni. Mtu akihama nyumba na kitabu anachokisoma, kurasa zote zinasafiri ndani ya sanduku, ila ukurasa aliofikia anaujua yeye mwenyewe. Kwa foleni ya kawaida, huo "ukurasa uliofikia" ni namba moja ya biti 16, ile inayoitwa last_avail_idx kwenye msimbo: umekwisha kuchukua maombi mangapi kutoka kwenye pete. Ukubwa wa foleni, anwani za pete, vipengele mlivyokubaliana na draiva na hali ya kifaa, hayo yote QEMU inayo na itayatuma upya kwa programu yako kule inakokwenda, kwa jumbe kama SET_FEATURES, SET_VRING_NUM, SET_VRING_ADDR na SET_VRING_BASE. Inachokuomba wewe ni jibu la GET_VRING_BASE tu, ujumbe unaokuuliza umefikia wapi. Kama umekubali pete ya aina ya pili, ile iliyofungashwa iliyokuja na toleo la 1.1 la virtio mwaka 2019, jibu hilo lina mambo manne: mahali ulipofikia kwa maombi, mahali ulipofikia kwa majibu, na kwa kila upande biti moja inayoonyesha umo kwenye mzunguko upi. Ukiisahau biti hiyo, maombi ya zamani yataonekana mapya. Swali lako linataja used.idx, kwa hiyo nitaendelea na pete ya kawaida.

Sasa twende kwenye huo ushauri wa kuanzia used.idx. Upo kweli, na hata QEMU yenyewe hufanya hivyo pale muunganisho na programu ya kifaa unapokatika ghafla, kwa kuwa haina pengine pa kuuliza. Lakini hilo ni jambo la dharura, na lina sharti lisilotajwa: maombi yawe yanajibiwa kwa mpangilio ule ule yalivyoingia. Kadi ya mtandao ikipoteza pakiti mbili, TCP itazituma tena na hakuna atakayejua. Diski haina msamaha huo, na diski ya mtandaoni karibu haijibu kwa mpangilio kamwe.

Tuchukue namba tuone. Foleni ina nafasi 256. Draiva imefikisha kihesabu chake cha maombi 5210. Programu yako imekwisha kuchukua hadi 5207, na pete ya majibu imefika 5203. Yaani maombi matatu hujayagusa, na manne yako mikononi mwako, yameshapelekwa kwenye hifadhi na hayajarudi. Tuseme hayo manne, kuanzia nafasi ya 5203, yana deskripta za kichwa (ile ya kwanza ya kila ombi) 12, 40, 7 na 33. La 33 lilikuwa la kusoma data iliyokuwa tayari kwenye kashe ya hifadhi, kwa hiyo linarudi la kwanza. Unaliandika kwenye pete ya majibu, kihesabu cha majibu kinakuwa 5204, na hapo hapo mashine inasimamishwa ili ihame.

Kwa utaratibu wako, upande wa pili unaanzia nafasi ya 5204. Unachukua 40, 7, na 33, kisha yale matatu mapya. Ombi la 12 hukulichukua, wala hutalichukua tena milele. Mgeni atalingoja mpaka mashine izimwe. La 33 umelifanya mara mbili. Mgeni alipopokea jibu la kwanza la 33 aliiachia deskripta hiyo, kwa hiyo likija jibu la pili Linux inaangalia, inakuta 33 si kichwa cha ombi lolote lililo wazi, inaandika ule ujumbe uliouona, na inaitia foleni nzima alama ya kuharibika. Ndiyo maana kila kitu kinasimama. Na hapo umebahatika. Kama deskripta 33 ingekuwa imeshapewa ombi jingine kabla jibu lako la pili halijafika, mgeni angeamini ombi hilo jipya limekamilika ilhali bado, na kosa lisingeandikwa popote.

Pengine unajiuliza: si ninaweza kuzipitia pete, nilinganishe maombi na majibu, nijue ni yapi yaliyobaki? Hapana. Kihesabu cha maombi kinaendelea kusonga hata kama kuna ombi moja lililokwama. Yakipita maombi mengine 256, nafasi ile lililokuwa limeandikwa ombi lililokwama inaandikwa upya. Deskripta zake bado ziko kwenye jedwali, lakini hakuna kwenye pete kinachokuambia kwamba ile namba 12 ni kichwa cha ombi linalongoja jibu. Habari hiyo iko kwenye programu yako peke yake. Isipokuwa kifaa na draiva vimekubaliana kipengele cha VIRTIO_F_IN_ORDER, cha kujibu kwa mpangilio, used.idx haiwezi kukwambia ukweli wote.

Kwa hiyo, je, ni lazima usubiri? Kwa kifaa kama chako, ndiyo, na ningekushauri ulikubali hilo kabla ya kutafuta njia ya mkato. QEMU ikishasimamisha mashine itakutumia GET_VRING_BASE. Ukiipokea, acha kuchukua maombi mapya. Subiri yaliyo mikononi mwako yarudi yote, yaandike kwenye pete ya majibu, ndipo ujibu kwa kihesabu chako. Katika mfano wetu utajibu 5207. Majibu nayo yatakuwa 5207, na yale maombi matatu ambayo hukuyagusa yatachukuliwa na mwenzako wa upande wa pili kama kawaida. Baada ya kujibu, usiiguse foleni hiyo tena hata kwa baiti moja. Programu nyingi za watu wanaoanza huharibikia hapa: uzi mmoja unajibu ujumbe, mwingine bado unamalizia ombi la mwisho.

Sababu ya kusubiri ni kubwa kuliko usafi wa vihesabu. Fikiria ombi la kuandika lililotoka seva ya kwanza na kuchelewa njiani kwenye mtandao wa hifadhi. Wewe umehama, umelirudia ukiwa seva ya pili, mgeni amejibiwa, na sekunde chache baadaye ameandika data mpya kwenye sekta ile ile. Ndipo lile la zamani linafika. Data ya zamani inaifunika mpya, na hakuna kihesabu cha virtio kitakachokuonyesha hilo. Ndiyo maana "ni heri kurudia" si kauli salama kwa diski iliyo mtandaoni, ila kama umehakikisha seva ya kwanza imefungiwa kabisa nje ya hifadhi. Ceph, mfumo wa hifadhi ya mtandaoni, ina njia ya kufanya hivyo kwa RBD, yaani diski zake pepe, kwa kufuli ya mwandishi mmoja na orodha ya kuwazuia wateja wa zamani. Kwenye iSCSI, itifaki ya diski kupitia mtandao, kuna haki ya kudumu ya kuishika diski (SCSI persistent reservations). Angalia hifadhi yako inatoa nini.

Gharama ya kusubiri nayo ni ya kweli, nisikufiche. Kikomo cha kusimama kwa mashine ambacho QEMU huanza nacho ni milisekunde 300, lakini hesabu hiyo inatazama kumbukumbu iliyobaki na kasi ya mtandao. Haijui kwamba hifadhi yako ina ombi lililokwama kwa nusu dakika. Ukiwa umesimama kusubiri ombi hilo, mashine nayo imesimama, na watumiaji wake wanaona imekufa. Dawa ninayoiamini ni kupima hifadhi kabla ya hatua ya mwisho: programu yako inajua ombi la zamani kuliko yote limekaa muda gani, basi lifanye hilo lionekane kwa anayeendesha uhamisho, na kama linapita kiwango mlichojiwekea, ghairini mapema wakati mashine bado inatembea kule inakotoka. Mpaka upande wa pili uanze kutembea, ukweli wote uko upande wa kwanza, na kughairi hakukugharimu data yoyote.

Ipo njia ya kubeba maombi yenyewe. Diski ya virtio iliyo ndani ya QEMU hufanya hivyo kwa maombi yaliyoshindwa pale ulipoiagiza isimamishe mashine hitilafu inapotokea: inayaweka kwenye orodha, orodha inahama, na upande wa pili yanaanzishwa upya. Hilo ni salama kwa sababu yalikwisha kurudi yakiwa na kosa. Hakuna lililobaki njiani. Kwa programu ya nje kama yako, vhost-user iliongezewa jumbe za kuhamisha hali ya ndani ya kifaa, na QEMU 8.2 ya mwaka 2023 ikaanza kuzitumia kwa mfumo wa faili wa vhost-user-fs. Usidhani ziko tayari kwa diski. Angalia toleo lako kwanza. Kuna pia kumbukumbu ya pamoja ya kufuatilia maombi yaliyo mikononi, ile ya GET_INFLIGHT_FD. Ni nzuri sana, na ninakuomba uitekeleze, lakini shabaha yake ni programu yako ikianguka na kuamka kwenye seva ile ile. Kuhamia seva nyingine ni habari tofauti.

Tuje kwenye ule ukimya. QEMU hujua kurasa zilizochafuka, yaani zilizoandikwa upya, kwa kuwa KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) hufuatilia kila mara mgeni anapoandika. Programu yako si mgeni. Imeipachika kumbukumbu hiyo hiyo moja kwa moja, na ikiandika humo KVM haioni kitu. Kwa hiyo ni juu yako kutia alama kwenye ramani ya biti ambayo QEMU hukupa, biti moja kwa kila ukurasa wa baiti 4096. Bila shaka ulitangaza kipengele cha VHOST_F_LOG_ALL, cha kutia alama hizo, maana usingekitangaza QEMU ingekataa kuhama. Kukitangaza si kukitekeleza. Nakisia kwamba unatia alama kurasa za data uliyosoma kutoka diski, na umesahau pete ya majibu yenyewe. Pete hiyo ina bendera yake kwenye SET_VRING_ADDR, na anwani yake ya logi inakuja humo humo. Usipoitia alama, ukurasa wa pete ya majibu unaofika upande wa pili ni wa zamani: wewe ulishajibu, mgeni anaona hujajibu. Hakuna kosa, hakuna ujumbe, hifadhidata inangoja tu. Ndiyo dalili yako ya pili neno kwa neno.

Hapo pia angalia mpangilio. Andika data kwanza, kisha tia alama. Ukitanguliza alama, QEMU inaweza kuisoma na kuifuta, ikatuma ukurasa ungali wa zamani, ndipo wewe ukaandika. Alama imekwisha kutumika na maandishi yako hayatasafiri. Na kwa kuwa nyuzi kadhaa hushirikiana baiti moja ya ramani, weka biti kwa operesheni ya atomiki. Majibu yanayokamilika wakati wa kusubiri, mashine ikiwa imeshasimama, nayo yanahitaji alama. Hayo ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa mtu hudhani mashine ikisimama hakuna kinachobadilika.

Jambo dogo lakini limenipotezea muda kwenye programu za watu wengi: ishara za kuamshana. Mgeni anaweza kuwa alikwisha kukubishia kuhusu yale maombi matatu kabla ya kusimama, na kubisha huko kulibaki kwenye seva ya kwanza. Foleni ikiwashwa upande wa pili, usingoje kubishiwa. Itazame pete mara moja. Vivyo hivyo mpigie mgeni ishara ya majibu mara moja bila masharti, hata kama hesabu ya EVENT_IDX, kipengele cha kupunguza ishara, inasema haihitajiki. Ishara ya ziada haimdhuru, iliyopotea inamkwamisha. Na kwa kuwa unatumia Rust: vihesabu hivi ni biti 16 na huzunguka baada ya 65535, kwa hiyo tofauti yake ichukue kwa wrapping_sub. Kutoa kwa kawaida kutaangusha programu kwenye toleo la majaribio (debug), siku kihesabu kitakapozunguka.

Kabla hujaamini marekebisho, itese programu yako makusudi. Weka hali ya majaribio ambamo majibu yanarudi kwa mpangilio wa kinyume, na baadhi yanacheleweshwa sekunde kadhaa. Ndani ya mgeni endesha fio, zana ya kupima diski, ikiwa imewashwa uhakiki wa data, si kasi peke yake, kisha hamisha mashine kwenda na kurudi mfululizo. Hitilafu ya mpangilio itajitokeza haraka ukiwa na majibu ya kinyume. Ukingoja itokee yenyewe utaingoja hadi siku ya kazi ya kweli.

Kuna jambo moja ambalo ushauri wa maandishi hauwezi kulimaliza. Kama mashine iliyowahi kuonyesha ujumbe ule ina data ya watu, iwe mishahara, rekodi za wagonjwa au mauzo ya duka, usiihamishe tena na usiridhike kwamba imewaka. Mwite mtu anayeijua hifadhidata hiyo na hifadhi hiyo mkae pamoja mbele ya mashine, mkague mfumo wa faili ukiwa umefungwa, mkague hifadhidata kwa zana zake (PostgreSQL kwa mfano ina pg_checksums, kama hesabu za uhakiki ziliwashwa), na mlinganishe na nakala rudufu ya kabla ya uhamisho wa kwanza. Fanyeni hivyo hata kama hakuna aliyelalamika.

Na kama baada ya haya yote diski bado inagoma, chapisha kwenye logi yako namba tatu kwa kila foleni: kihesabu cha maombi, ulipofikia, na kihesabu cha majibu. Zichapishe mara tu kabla ya kujibu GET_VRING_BASE, na tena upande wa pili mara baada ya kupokea SET_VRING_BASE na SET_VRING_ADDR kabla hujagusa lolote. Seti hizo mbili lazima zilingane. Ukinitumia pamoja na toleo la QEMU na orodha ya vipengele vilivyokubaliwa na draiva, nitakuwa na pa kuanzia.